UZI: Lankao, wilaya ya Henan iliyofukiwa na mchanga wa mto Huang He, na wakulima walioifufua

#1 Mpima Udongo

Wakuu, salaam.

Humu jukwaani kila tukiizungumzia China tunaishia Guangzhou, Yiwu na bei ya makontena. Leo naomba tuingie vijijini, kwenye wilaya moja ya wakulima iitwayo Lankao, mashariki mwa jimbo la Henan. Kazi yangu ni udongo, na sijakutana na mahali pengine ambapo udongo peke yake unakueleza kwa nini watu walikuwa fukara, kwa nini walipanda treni kwenda kuombaomba, na kwa nini wajukuu zao leo wanaishi kwa kutengeneza ala za muziki.

Lankao iko upande wa mashariki wa mji wa kale wa Kaifeng. Ni tambarare tupu, huoni hata kilima. Eneo lake ni kilomita za mraba 1,100 hivi, na wakazi wake ni zaidi ya laki saba. Ilizaliwa mwaka 1954 baada ya wilaya mbili, Lanfeng na Kaocheng, kuunganishwa. Mvua ni milimita 600 hadi 700 kwa mwaka, lakini nyingi inashuka Julai na Agosti. Kipupwe maji yanaganda, masika (kwao ni Machi hadi Mei, si msimu wa mvua) upepo unavuma kavu.

Sasa mto. Huang He unabeba udongo laini wa nyanda za juu za kaskazini-magharibi. Ukifika tambarare unapunguza mwendo, tope linatua, kitako cha mto kinapanda. Watu wanainua matuta, mto nao unapanda tena. Baada ya karne nyingi za kushindana hivyo, maji yanapita juu kuliko mashamba na nyumba za watu walio nje ya tuta. Tuta likivunjika, hayo maji hayana njia ya kurudi mtoni. Yanatafuta bahari upya.

Lankao ndipo ilipotokea hivyo mwaka 1855. Tuta lilipasuka mahali paitwapo Tongwaxiang. Kabla ya hapo, kwa zaidi ya miaka 700, mto ulikuwa ukielekea kusini-mashariki na kuingia Bahari ya Njano. Siku ile uligeuka kaskazini-mashariki, ukavuka jimbo la Shandong na kumwaga maji yake kwenye ghuba ya Bohai, na hadi leo ndiko unakokwenda. Serikali ya Qing, ukoo wa kifalme uliotawala China wakati ule, ilikuwa vitani na waasi wa Taiping, haikuwa na fedha wala watu wa kuziba. Ukisimama Dongbatou, tarafa iliyo kandokando ya mto, unaona ile kona kubwa ya mwisho kabla Huang He haujaelekea baharini.

Ulipohama uliacha kitako kitupu cha mchanga kikipita katikati ya wilaya. Hapo ndipo taabu zote zilipoanzia. Naendelea.

#2 Dada Mbarali

Endelea kaka, nimeshakaa. Sisi tunaolima mpunga kwenye skimu tunajua maji yanavyoweza kuwa baraka na laana kwa msimu mmoja.

#3 Mpima Udongo

Asante dada, na kipande hiki kitakugusa.

Wakulima wa Lankao walikuwa wakihesabu maadui watatu: mchanga unaopeperuka, maji yanayotuama, na chumvi.

Mchanga ulitoka kwenye ule mto mkavu. Upepo wa masika ulikuwa ukiusukuma juu ya ngano iliyokwisha kuota, ama unakata majani ama unafukia shamba zima. Watu walikuwa wanapanda mara mbili, mara tatu, mbegu zinaisha.

Maji yaliyotuama yalitokana na umbo la nchi. Mito ya zamani iliacha matuta na mabonde madogo kila mahali, hivyo mvua ya Julai ikishuka kwa fujo inakosa pa kutokea. Mahindi yanasimama majini wiki nzima na kuoza mizizi.

Chumvi ndiyo ninayotaka tuitazame vizuri. Maji ya ardhini yakiwa karibu na uso wa nchi, jua linayavuta juu, yanayeyuka, chumvi na magadi vinabaki. Unaona ganda jeupe asubuhi. Huang He, kwa kuwa uko juu ya mashamba, unavuja chini kwa chini mwaka mzima na kuinua maji hayo. Mpaka hapo ni maumbile tu. Lakini mwaka 1958, enzi za mpango wa serikali wa kukimbiza maendeleo kwa nguvu (Great Leap Forward), lilijengwa lango kubwa la kuchepusha maji ya Huang He huko Sanyizhai, humo humo Lankao. Mifereji ya kuingiza maji ilichimbwa kwa kasi, ya kuyatoa haikuchimbwa. Sehemu kubwa ya tambarare ya kaskazini ilifanya hivyo hivyo. Ndani ya miaka michache maji ya ardhini yalipanda na chumvi ikatapakaa hata kwenye mashamba yaliyokuwa mazuri. Mwaka 1962 serikali ikaamuru uchepushaji usimamishwe.

Mwaka huohuo Lankao ilipigwa na vyote vitatu kwa pamoja. Masika upepo na mchanga viliharibu mu 200,000 za ngano (mu ni kipimo cha shamba cha Wachina), yaani hekta 13,000 hivi. Vuli, baada ya kiangazi chao, maji yaliharibu zaidi ya mu 300,000 za mazao. Na mu 100,000 za miche zilikufa kwa chumvi. Kwa vipimo vyetu, mu sita ni karibu ekari moja.

Kituo cha treni cha Lankao kiko kwenye reli ya Longhai, inayotoka pwani ya mashariki hadi Lanzhou. Familia nzima zilikuwa zinajazana pale na mabakuli yao kungoja treni ya kwenda kokote kwenye chakula.

#4 Nyakati

Mkuu, uzi mzuri, ila naomba tusiruke. Miaka hiyo unayoitaja ndiyo ya njaa kubwa ya China, na Henan ilikuwa miongoni mwa majimbo yaliyokufa watu wengi zaidi. Tukisema upepo na chumvi tu tutakuwa tumewasafisha waliotoa amri. Pia najua unakoelekea: kuna yule Katibu wa Chama cha Kikomunisti wa wilaya ambaye picha yake iko kila mahali China. Je, hiyo ni historia au ni mahubiri ya Chama?

#5 Mpima Udongo

Swali la haki, na najibu moja kwa moja.

Njaa ya 1959 hadi 1961 ilitokana na siasa kuliko hali ya hewa. Takwimu za mavuno zilitiwa chumvi, nafaka ikachukuliwa kwa kufuata takwimu hizo za uongo, wanakijiji wakabaki na maghala matupu. Xinyang, kusini mwa Henan hiyohiyo, ni jina linalotajwa kwa majonzi mpaka leo. Na mazingira yenyewe yaliumizwa na amri hizohizo: miti ilikatwa kulisha tanuri za kuyeyushia chuma, na mifereji nimekwisha kuieleza. Kwa hiyo Lankao ya 1962 ilikuwa ardhi mbaya iliyofanywa mbaya zaidi.

Unayemsema ni Jiao Yulu. Alizaliwa Boshan, Shandong, mwaka 1922, akapelekwa Lankao Desemba 1962, akafa kwa saratani ya ini tarehe 14 Mei 1964 akiwa na miaka 41. Yaani hakufikisha hata mwaka mmoja na nusu pale. Februari 1966 Renmin Ribao, gazeti la Chama, liliandika habari yake ndefu, ikasomwa redioni nchi nzima, akawa mfano wa kiongozi kwa kizazi kizima. Kaburi lake lilihamishiwa Lankao mwaka huohuo, kwenye mchanga, kama alivyoomba. Rais Xi Jinping alikwenda pale mara mbili mwaka 2014. Ndiyo, Chama kinamtumia, na hakijifichi.

Ila nikiweka picha pembeni na kutazama kazi, naona kitu ambacho mtaalamu yeyote wa ardhi atakiheshimu. Kwanza walipima. Kikosi cha makada, mafundi na wakulima kilitembea wilaya nzima, kikaorodhesha njia 84 za upepo na vichuguu vya mchanga 1,600, na kufuata maji ya mvua yanakoelekea wakati mvua ikinyesha. Jiao mwenyewe alitoka nje na fimbo siku za gharika, ini likimuuma.

Pili, na hili ndilo linalonifurahisha, dawa haikutoka ofisini. Pale Dongbatou mzee mmoja alikuwa amechimba udongo wa mfinyanzi kutoka chini ya mchanga akafunika kaburi la mama yake, na upepo haukuligusa tena. Katibu akauliza, akaelezwa, wakajaribu kwenye kichuguu kizima. Chini ya mchanga wa Lankao kuna tabaka la mfinyanzi lililoachwa na mafuriko ya zamani. Unalifukua, unalitandaza juu, kisha unapanda miti na nyasi zishike. Dunia nzima inamsifu katibu, mimi namsifu na yule mzee ambaye alikuwa anajua tangu zamani na hakuwahi kuulizwa.

Chumvi haikuisha kwa mwaka mmoja na nusu. Ilichukua miaka mingine ishirini na zaidi: mitaro ya kutoa maji, visima vya pampu vilivyoshusha maji ya ardhini, na tope la Huang He lenyewe kuelekezwa kwenye mashamba yaliyokufa ili litue na kuyafunika kwa udongo mpya. Hayo yamefanywa na watu ambao hawana sanamu.

#6 Seremala wa Keko

Mkuu umegusia ala za muziki kule juu ukapita. Mti gani huo? Mchangani unaota mti wa mbao kweli?

#7 Mpima Udongo

Fundi, mti ni paulonia. Unakua haraka ajabu: miaka kumi hivi unapasua mbao. Unapenda mchanga unaopitisha maji na unachukia kusimama kwenye maji. Aprili unatoa maua ya zambarau hata kabla ya majani.

Kilichowavutia wakulima ni tabia zake mbili. Majani yanachelewa kutoka, kwa hiyo ngano iliyo chini yake inapata jua lote la masika. Na mizizi yake mingi inakwenda chini kuliko ya ngano, hawagombani sana. Halafu mwishoni mwa Mei unakuja upepo mkavu wa joto unaosinyaza punje za ngano siku chache kabla ya kuvuna, na hapo safu za paulonia zinaukata makali. Ndiyo maana walipanda mistari ya miti ndani ya mashamba. Mmoja alioupanda Jiao Yulu mwaka 1963 bado umesimama, mkubwa kiasi kwamba watu wazima kadhaa hawaukumbatii.

Kwa muda mrefu mbao hiyo ilikuwa ya masanduku, milango na mivukuto ya jikoni. Ni laini, nyepesi, haipindi ovyo. Miaka ya 1980 watengeneza ala wa Shanghai wakagundua kwamba paulonia ya Lankao inaitikia sauti vizuri kuliko waliyokuwa wakiitumia. Kuanzia hapo kijiji cha Xuchang, tarafa ya Guyang, kikageuka kijiji cha karakana. Wanatengeneza ala za nyuzi za Kichina: guzheng ya kulaza yenye nyuzi 21, pipa inayoshikwa kama gitaa (si pipa la maji), na guqin. Ubao wa mbele, ule unaotoa mlio, ndio lazima uwe paulonia. Wewe utapenda hili: mbao haziingii karakana mbichi. Zinasimamishwa nje, jua na mvua na baridi, muda mrefu, mpaka zigeuke rangi ya kijivu. Maji na utomvu vinatoka, ubao unatulia. Fundi anaukwaruza, anaugonga kwa kidole, anasikiliza, anakwaruza tena.

Leo China inanunua sehemu kubwa ya mbao zake za sauti kutoka wilaya hii. Vijana waliokuwa vibarua pwani wamerudi, wanauza guzheng mtandaoni, wengine moja kwa moja kwa video.

Lakini mtaalamu wa misitu atakwambia paulonia ina ugonjwa wake, matawi yanajikusanya kama ufagio na mti unadhoofika. Na ile mistari ya miti katikati ya shamba imepungua, kwa sababu kombaini haipendi vizuizi na kivuli kinaumiza mahindi ya kiangazi. Miti mingi sasa iko kando ya barabara, mifereji na kwenye vipande vya mchanga.

#8 Seremala wa Keko

Hapo kwenye kuacha mbao nje umenigusa. Sisi mteja anataka kitanda kesho, mbao bado inalia maji. Asante sana mkuu.

#9 Mama Wawili

Nasoma kimyakimya tangu jana. Mmeongea udongo na miti. Mwanamke wa kule anaamkaje? Watoto wanalelewa na nani? Chakula chao ni nini?

#10 Mpima Udongo

Mama, shikamoo, na ahsante kwa kuturudisha nyumbani kwa watu.

Chakula ni ngano. Tunaposikia China tunafikiria wali, lakini Henan peke yake inatoa zaidi ya robo ya ngano ya nchi ile, na watu wake wanakula mikate ya mvuke, tambi za kukandwa kwa mkono na uji. Miaka ya dhiki chakula kilikuwa viazi vitamu, asubuhi, mchana na jioni, vibichi au vilivyokaushwa na kusagwa. Wazee wengi waliapa kutovigusa tena. Leo viazi hivyohivyo ni zao la biashara, pamoja na karanga na matikiti madogo matamu ya kwenye vitalu vya plastiki. Mchanga uleule uliokuwa adui ndio unaofanya kiazi kiwe na umbo zuri na tikiti liwe na sukari. Zamani wilaya ilijivunia paulonia, karanga na kunazi.

Mwaka unaanza Oktoba kwa kupanda ngano. Inalala chini ya baridi, inaamka Machi, inavunwa mwanzoni mwa Juni. Siku hizo ni za mbio. Kombaini zinatoka kusini zikifuata ngano inavyoiva kuelekea kaskazini, zinavuna kwa kodi kijiji baada ya kijiji, na nafaka inaanikwa popote palipo na sakafu, hata barabarani. Wiki hiyohiyo mahindi au karanga zinaingia ardhini. Henan leo wanapata tani 6 hadi 7 za ngano kwa hekta. Katikati ya misimu kuna magulio, yanazunguka vijijini kwa tarehe za kalenda ya mwezi, na pale ndipo mama anapouza mayai, kununua nguo na kupata habari za ndugu.

Kuhusu watoto, hapa ndipo panaponiuma. Shamba la familia ni dogo, mara nyingi halifiki hata ekari moja na nusu. Halilishi ada, harusi na nyumba. Kwa hiyo tangu miaka ya 1980 vijana wa Henan wanakwenda Guangdong, Zhejiang, Beijing, viwandani na kwenye ujenzi, na vuli wanawake wengi walikuwa wakipanda treni kwenda Xinjiang kuchuma pamba, kabla mashine hazijachukua kazi hiyo. Mtoto anabaki na bibi. Uandikishaji wa makazi umemfunga kijijini: akifuata wazazi mjini, kupata shule ya serikali na kufanya mtihani wa kuingia chuo kikuu ni shida. Anawaona wazazi sikukuu ya mwaka mpya, kisha wanaondoka tena.

Bibi huyo naye pensheni yake ni ndogo. Mpango wa pensheni ya vijijini ulipoanza mwaka 2009 kiwango cha chini kilikuwa yuan 55 kwa mwezi. Imepanda, lakini bado ni pesa ya chumvi na mafuta. Ndiyo maana unaona bibi wa miaka sabini shambani na jembe.

Januari 2013 moto uliwaka kwenye nyumba ya mwanamke wa Lankao aliyekuwa akiokota na kulea watoto waliotelekezwa. Watu saba walikufa, karibu wote watoto. Ndipo China ilipojiuliza kwa uchungu kwa nini wilaya nzima haikuwa na nyumba ya serikali ya kulelea yatima. Nalitaja kwa sababu miaka minne baadaye, Machi 2017, Lankao ilitangazwa kutoka kwenye orodha ya wilaya maskini, na mtu akisoma tangazo lile peke yake hatajua watu walitokea wapi.

#11 Mama Wawili

Marahaba mwanangu. Watoto wanaobaki na bibi nawajua vizuri, wangu wawili nimewalea ni wa binti yangu aliyeko Muscat. Mungu awalinde na hao wa kule.

#12 Kibuyu

Niko Nakuru. Wenzangu, swali la shamba lenyewe: mkulima wa huko ana hati? Anaweza kuuza? Kwetu shamba likigawanywa kwa wana watano linabaki la kuanikia nguo.

#13 Mpima Udongo

Kaka Kibuyu, hana hati ya kumiliki. Ardhi ya kilimo ni mali ya kijiji. Familia inapewa mkataba wa kulima, ambao leo ni wa miaka 30; mfumo huo ulienea mwanzoni mwa miaka ya 1980, makomuni (mashamba ya pamoja) yalipovunjwa. Haiwezi kuuza, inaweza kukodisha. Na tangu 2006 hailipi kodi ya kilimo, kodi ambayo wakulima wa China walikuwa wameilipa kwa enzi na enzi.

Hilo lina uzuri na ubaya. Kijana akipoteza kazi mjini ana pa kurudi, hakuna aliyelinunua shamba la baba yake alipokuwa mgonjwa. Lakini pia hawezi kulitumia kama mtaji wa kuanzia maisha mjini, na kampuni au kada akilitaka kwa barabara au kiwanda, bei inapangwa zaidi na wengine kuliko yeye. Siku hizi wengi wanakodisha kwa jirani mmoja mwenye matrekta, au kwa ushirika, na wao wanabaki vibarua kwenye vitalu vilevile.

Kugawanyika kupo pia. Familia moja ina vipande vitatu au vinne, kimoja kizuri, kimoja cha mchanga, kimoja mbali, maana walipogawana walitaka kila mtu apate sehemu ya ubora na sehemu ya ubaya. Ni haki, lakini trekta linateseka.

Kuna kundi jingine ambalo hatujaligusa: wanaoishi ndani, kati ya matuta mawili ya mto. Udongo wao ni mzuri ila mto ukijaa ni wao wa kwanza. Henan imekuwa ikiwahamishia kwenye makazi mapya nje ya tuta. Wanapata nyumba imara, shule na zahanati karibu, na shamba linabaki kule kule, safari ya kila siku. Vijana wanafurahi. Wazee wanauliza kuku wafugwe wapi kwenye ghorofa.

#14 Dada Mbarali

Kaka, nina swali la shambani kwangu sasa. Ule weupe uliousema, mimi nauona kwenye majaruba ya mwisho wa skimu yetu wakati wa kiangazi. Tunaambiwa ni mbolea. Mtaro wa kutoa maji ulijaa tope miaka mingi, watu wameulima juu yake. Nifanye nini?

#15 Mpima Udongo

Dada, usibishane na mtu kabla hujapima. Kiangazi hiki chimba shimo kwenye jaruba lenye weupe, na jingine kwenye jaruba zuri la juu, kina cha mita mbili na nusu. Weka fito yenye alama, angalia kila wiki maji yamesimama wapi. Ukikuta maji yako ndani ya mita mbili kule kwenye weupe, tatizo lako ni mtaro. Utapiga samadi na jasi bure kama maji hayana pa kutokea.

Wakati huohuo chukua udongo wa sentimita kumi za juu kutoka mashimo yote mawili, peleka maabara ya udongo, waombe wapime chumvi kwa kipimo cha upitishaji umeme, na wapime kiasi cha sodiamu. Hivyo viwili vinatofautisha chumvi ya kuoshwa kwa maji na magadi yanayohitaji jasi kwanza.

Majibu yakitoka weka hapa, pamoja na picha ya huo mtaro na mteremko wake unaelekea wapi. Na mkikaa kikao cha skimu, anzeni na waliolima juu ya mtaro, muwafidie mazao ya msimu mmoja, mfukue. Hiyo ni gharama ndogo kuliko kupoteza majaruba ya chini yote.